Kopo la Protini Lililoitwa Kikaoni Kinyinya

Siku mliponiaga pale Kimihurura, ninyi makochi vijana, mmoja wenu alisimama mbele ya watu akaniuliza: "Kochi Speciose, siri ya kukuza misuli ni nini?" Nilicheka, nikanywa soda yangu, mkadhani najivunga. Sikuwa najivunga. Nimestaafu na bado sijui. Ninayoyajua ni mambo madogo madogo, na mengine yanagombana yenyewe kwa yenyewe. Lakini mmeniomba niyaandike, basi nayaandika, tena kwa Kiswahili, maana nusu yenu mmetoka Goma na Kampala na Kinyarwanda chenu kinanichosha masikio.

Kazi hii niliingia bila kukusudia. Nilikulia Bujumbura, na nilipofika Kigali nilifundisha michezo katika shule ya wasichana, filimbi shingoni na sketi ndefu hadi kwenye vifundo. Jimu moja ya Remera, chumba kirefu nyuma ya maduka, si mbali na uwanja wa mpira, ilitafuta mwanamke wa kufundisha akina mama. Nilikwenda. Akina mama hawakuja. Walikuja wanaume, na mwenye jimu akaona ni uvivu kunifukuza. Mteja wangu wa kwanza aliingia, akavua koti, akanipa nilitundike. Nililitundika. Kisha nikamwambia mgongo wake umepinda kwa kukaa ofisini na kwamba tutaanza na mgongo. Alitazama nyuma yake kutafuta kochi mwenyewe yuko wapi.

Ninyi mmezikuta mashine zenye vioo vinavyohesabu mapigo ya moyo. Sisi tulikuwa na fimbo moja ya chuma ya dukani, vingine vyote tulijitengenezea. Tulichukua makopo ya rangi, tukamimina zege, tukachomeka bomba katikati. Hakuna makopo mawili yaliyolingana uzito, kwa sababu fundi alimimina huku anapiga soga. Yupo mzee mmoja wa Remera ambaye hadi leo bega lake la kulia liko juu kuliko la kushoto. Yeye anasema amezaliwa hivyo, na mimi simbishii.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Dieudonné wa Bukavu, mtu mfupi mwenye shingo nene, mpole kupita kiasi. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba mazoezi bila mpango ni kujichosha bure: wiki hii chuma hiki, wiki ijayo ongeza kidogo tu, siku ya miguu iwe ya miguu, siku ya kifua iwe ya kifua, na siku ya kupumzika usikanyage jimu hata kwa salamu. Alikuwa akiwafukuza wateja mlangoni siku yao ya kupumzika. "Weye, dada," aliniambia, "nyama haikomeake hapa ku jimu. Inakomeaka ku kitanda. Hapa tunaiumizaka tu." Yaani misuli haikui jimu, hukua kitandani. Nilidhani anatania. Nilipowaona wanaolala vizuri wanakua na wanaokesha wanabaki walivyo, nikamwamini. Kisha akaja dereva mmoja wa lori asiyelala hata robo ya usiku, akajaa misuli kuliko sote. Nilimuuliza Papa Dieudonné maana yake nini. Alikuna shingo, akasema huyo ni wa Mungu.

Hivyo ndivyo nilivyosoma kazi hii, kwa kanuni na wale wa Mungu.

Baadaye ukaja unga. Kwanza alikuja nao mteja aliyekuwa amesafiri Ulaya, kopo kubwa jeusi lenye picha ya dume la ng'ombe, na maandishi ambayo hakuna aliyeyasoma hadi mwisho. Mwaka haukupita, kila mwenye kifua alikuwa na kopo. Tulijifunza majina: protini ya maziwa, kreatini, na ule unga mzito wa watu wembamba ambao ukiukoroga unakuwa kama uji wa ubwabwa. Nilisoma nilichoweza. Nilielewa kwamba kreatini huvuta maji ndani ya misuli, kwa hiyo mtu akiitumia mizani hupanda haraka naye hufurahi, ingawa kilichoongezeka kwanza ni maji. Nilielewa kwamba protini ni chakula tu, kama dagaa na maharage na mayai, ila hii imesagwa na kupewa picha ya dume.

Zaidi ya hapo nilipotea, na bado nimepotea. Nilikuwa na wateja wawili, ndugu wa mama mmoja, mpango mmoja, kopo moja. Mmoja alipanuka hadi akabadilisha mashati. Mwingine hakupata chochote ila tumbo la kuunguruma. Nilikuwa na mwalimu mmoja wa sekondari asiyeonja unga maishani mwake, mtu wa maharage na viazi vitamu, na mgongo wake ungeweza kuuandikia kama ubao. Wateja waliponiuliza kama wanunue, niliwaambia kwanza wale, walale, waongeze chuma polepole, halafu kama bado wanataka unga wanywe, haudhuru mtu mwenye figo nzima. Hilo la figo msilisahau. Mwenye shaka aende kwa daktari, asije kwenu.

Sasa niwaeleze habari ya Faustin, maana ndiyo iliyonichanganya kuliko zote, na najua baadhi yenu mmeisikia kwa chumvi nyingi.

Hakuja mwenyewe. Aliletwa na mkewe, Claudine, msichana wa Remera mwenye duka dogo la vitambaa, ambaye alikuwa ameolewa si zamani. Aliingia jimu akamweka mumewe mbele yangu. Faustin alikuwa msimamizi wa mafundi kwenye nyumba zinazojengwa Kinyinya, kijana mrefu, mwembamba, mtaratibu. Claudine alisema kwa ule Kiswahili chetu cha Kigali: "Kochi, unisaidie. Huyu bwana yangu iko mwembamba tangu kuzaliwa. Lakini sasa kwao banasema ni mimi. Banasema sipikiye mutoto wao."

Mnajua mambo ya kwetu. Kijana akioa, ukoo mzima hungoja mashavu yake. Yasipojaa, jikoni mwa mke ndimo mnamoulizwa maswali. Mama yake Faustin, mjane anayeishi Kinyinya kwa mwanawe mkubwa, alikuwa haachi kumshika Faustin mkono kila Jumapili, akaupima kwa vidole vyake, akaguna. Kuguna tu. Claudine aliniambia afadhali angetukana.

Nilimpangia Faustin kazi. Skwati, benchi, kunyanyua chuma kutoka chini, kuvuta. Siku tatu za chuma kwa wiki, nyingine za kupumzika. Nikamwambia apime chakula chake ajue anakula nini hasa, maana watu wembamba hudhani wanakula sana. Nikamwambia aache urwagwa, ile pombe ya ndizi aliyokuwa akinywa na kaka zake. Nikamwambia alale mapema. Na kwa kuwa alikuwa hawezi kumaliza sahani mbili, nikamkubalia unga mzito, kijiko kimoja kilichojaa kwenye maziwa, jioni, akitoka kazini. Claudine ndiye aliyekuwa akiukoroga.

Nakwambieni, yule kijana alikuwa ndoto ya kila kochi. Nililosema ndilo alilofanya. Hakuongeza, hakupunguza. Chuma kilipanda, mabega yakatokeza, mizani ikasogea. Nilijisifu. Niliona nimemwokoa yule binti.

Kilichonishangaza kwanza ni kwamba kadiri alivyokua, ndivyo mama yake alivyozidi kulalamika. Misuli ilikwenda mgongoni na mapajani, ambako shati na suruali hufunika. Usoni alibaki na mifupa yake, tena sasa iliyochongeka, kwa kuwa pombe imeondoka. Mama aliangalia uso. Nilimwonyesha Claudine mizani, nikamwambia amwambie mama mkwe namba. Alinitazama kwa huruma, akasema: "Kochi, mizani haina mashavu."

Kisha asubuhi moja Claudine alikuja jimu peke yake, macho mekundu, akaketi kwenye benchi la kifua bila kujua ameketi wapi. Alieleza kwa vipande. Mama mkwe alikuwa amekuja kwao jioni bila taarifa, akamkuta jikoni anakoroga unga mweupe kutoka kopo jeusi kwenye maziwa ya mumewe. Claudine hakuonja. Alimpa Faustin kikombe, Faustin akanywa chote kwa mara moja, akafuta mdomo, akasema naenda kulara, na jua halijazama sawasawa.

"Sikuonja," Claudine alirudia. "Ulisema kijiko isipungue. Na iko mubaya, inanichefua."

Hapo nikaanza kuona, ingawa nilitamani nisione. Kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ujue hakuna kitu ndani. Na kila mtu wa hapa anajua habari za inzaratsi, dawa ambayo mke humtilia mume ili awe mpole na amsahau kila mtu isipokuwa yeye. Nikazihesabu dalili zake kichwani. Mume anaacha pombe. Anaacha marafiki. Anarudi nyumbani moja kwa moja. Analala mapema kama ameamriwa. Anaingia jikoni kupima wali. Nilikuwa nimemwandikia Faustin dalili zote za mtu aliyelishwa dawa, moja baada ya nyingine, kwa jina la mazoezi.

Na lilikuwepo jambo moja ambalo sikuliandika mimi. Siku za Jumapili Faustin alikuwa akienda kwa mama yake na chakula chake mwenyewe ndani ya kopo la plastiki. Mama amepika, sahani ziko mezani, mwanawe anafungua kopo lake kitini.

"Banataka nirudi kwetu," Claudine alisema. "Hadi bajue nilimupa nini. Jumapili ukoo inakaa. Kochi, uje na ile kopo yenyewe. Uwaambie."

"Na mimi wananitaja?"

"Banasema dawa ilitoka kwa mwanamuke wa Bujumbura. Ati waswahili banazijua sana."

Sikukasirika sana, hata sasa najishangaa. Nilikuwa nimechanganyikiwa mno hata nisiweze kukasirika. Hapa Mswahili maana yake Mwislamu, nami nilikuwa Mkatoliki wa misa ya kwanza kila Jumapili, na sasa nilikuwa mganga wa limbwata.

Nilikwenda Kinyinya Jumapili hiyo baada ya misa, kopo kwenye mfuko. Sebule ilikuwa imejaa: baba mdogo wa Faustin ndiye aliyeongoza, kaka mkubwa na mkewe, Faustin mwenyewe anayetazama viatu, Claudine pembeni karibu na mlango kama aliyekuja kuuza kitu. Mama alikaa kiti cha katikati, mwembamba kuliko nilivyotegemea, kitambaa kichwani, magoti pamoja. Alikuwa amekulia Karagwe, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Alinisalimu kwa adabu, akaifungua chupa ya soda mbele ya macho yangu kama inavyopasa, akanipa. Nilikunywa. Nilijua sasa ni zamu yangu.

Niliomba maziwa na kikombe. Nikakoroga kijiko kimoja kilichojaa, nikanywa mimi kwanza. Nikampa Claudine, akanywa huku anakunja uso, hakuacha hadi nilipokichukua kikombe. Baba mdogo akanywa, kaka akanywa akasema ni kama biskuti zilizolowa. Mwisho mama akakipokea. Alinusa, akaonja, akakaa nacho mdomoni kidogo.

"Kimetengenezwa na nini?" aliuliza.

"Maziwa, mama. Yale maji yanayobaki maziwa yakigandishwa, wanayakausha. Na hiki kingine ni wanga tu, kama unga wa uji."

"Yale maji? Tuliyokuwa tunawamwagia ndama?"

"Ndiyo hayo."

Kaka mkubwa alicheka kwa sauti, kisha akanyamaza alipoona hakuna mwenzake. Baba mdogo alijikohoza, akaniuliza swali nililoliogopa tangu asubuhi. "Sasa mama kochi, tueleze wazi. Kitu hii inafanya nini?"

Hapo mngekuwa ninyi mngejibu vizuri, mmesoma. Mimi nilisimama na kijiko mkononi. Nikisema kinafanya kazi kubwa, wataniuliza kama kinafanya kazi kichwani pia. Nikisema hakifanyi kitu, wataniuliza kwa nini binti wa watu anakikoroga kila jioni. Na ukweli wenyewe sikuwa nao. Nilisema: "Mzee, kinaongeza chakula kwa mtu asiyeweza kula sana. Kama misuli imetoka hapa au kwenye chuma au kwenye usingizi, sijui vizuri. Mwingine anakunywa na hapati kitu. Lakini moyo wa mtu hakigusi. Hilo nalijua, kwa sababu nimewapa wengi na bado wake zao wananilalamikia."

Hapo walicheka kidogo, hata mke wa kaka. Niliona bega la Claudine linashuka.

Mama hakucheka. "Kulala mapema?"

"Nilimwambia mimi."

"Pombe?"

"Mimi."

"Kuja kwangu na kopo la chakula chake?"

Ningeweza kusema mimi. Nimelifikiria sana hilo, ningeweza, na jambo lingeishia hapo. Lakini nilishtukia nimeshajibu. "Hilo hapana, mama. Nilisema apime. Sikusema abebe."

Wote wakamgeukia Faustin. Akasema bila kumtazama mtu: "Ni mimi tu. Hapa nikikula munaniangalia. Mama ananishika mukono kama mbuzi ya soko. Baba mudogo anauliza imeongezeka ama haijaongezeka. Kwa Claudine nakula, hakuna mutu anahesabu tonge. Nikaona nikuje nayo, nikule yangu, muache kuniangalia." Akaongeza kwa sauti ya chini zaidi: "Sikulishwa kitu. Najisikia vizuri kule."

Baba mdogo alisema basi, jambo limekwisha, binti abaki nyumbani kwake, na kopo lisitajwe tena. Claudine alipiga goti mbele ya mama mkwe akamshika mikono, na mama akamwinua, akamwambia neno la heri kwa Kinyarwanda, zuri kabisa, lisilo na dosari. Kazi yangu ilikuwa imefaulu. Sikuelewa kwa nini chumba kilikuwa kizito kuliko nilipoingia.

Mama alinisindikiza hadi barabarani, kama desturi. Tulipita kando ya nyumba zisizoezekwa, vumbi jekundu likitufuata. Alishika mfuko wangu wenye kopo, akakataa niubebe. Nilisema maneno ya kumfariji, kwamba kijana ana nguvu, kwamba mgongo wake ni mgongo wa mwanamume, kwamba mashavu yatakuja. Alinisikiliza hadi mwisho kwa upole.

"Mwalimu," aliniambia, "nilikuwa naomba iwe dawa."

Nilidhani sikusikia. Nikamwomba arudie.

"Limbwata huisha. Padri anaombea, mtu anatapika, anarudi kama alivyokuwa. Nilikuwa nimejiandaa kumngoja." Alihamisha mfuko mkono mwingine. "Sasa wewe umesema hakuna kitu. Na yeye amesema yuko vizuri kule. Nimngoje kwa lipi?"

Miaka yote ile nimewaambia watu mwili haudanganyi, na sasa mwili wa mtu mmoja ulikuwa umesema kweli, nami nilikuwa nimeusaidia kusema. Pikipiki ilisimama. Dereva akanipa helmeti. Mama alinirudishia mfuko, kisha akaushika tena kwa ncha, akasogea karibu ili dereva asisikie.

"Na ile dawa ambayo mama anaweza kumpa mtoto," aliuliza, "hiyo hamna?"

Nilimwambia haipo. Alitikisa kichwa taratibu, akaniambia niende salama, niwasalimie nyumbani. Nilivaa ile helmeti haraka, nikashusha kioo chake ingawa kilikuwa na mikwaruzo na sikuona njia, na sikukipandisha hadi Remera.